Tuuze Nyumba, au Tuongee na Jirani?



Tunapozungumza juu ya mambo yanayoitikisa ndoa, tumezoea kutaja fedha, ulevi, wakwe na watoto. Ni mara chache tunamtaja jirani. Lakini katika mitaa kama Kibera na Kawangware hapa Nairobi, ambako mara nyingi bati moja tu ndilo mpaka kati ya kitanda chako na kitanda cha mwenzako, jirani yumo ndani ya ndoa yenu mtake msitake. Anawasikia mkigombana. Ninyi mnamsikia akikohoa. Mnatumia choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo, na mtaro mmoja wa maji machafu. Akiwa mtu mwema, ni zawadi ya Mungu, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Akiwa mgumu, hakuna siku inayopita bila kumwona.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna mume na mke wa Kawangware. Mume ni fundi wa mbao. Mke anauza mboga karibu na steji ya 46. Wana watoto watatu, na msichana wa kwanza ana miaka 13. Wanakaa kwenye ploti ndogo iliyonunuliwa na marehemu baba wa mume, na vyumba viwili wamepangisha. Jirani yao alikuwa mtu mzuri mpaka alipoanza kuuza pombe. Sasa muziki unalia hadi saa tisa za usiku. Wanywaji wanakojoa kwenye ukuta wa jikoni. Maji machafu yanafuata mtaro hadi mlangoni. Wapangaji wote wawili wamehama, na msichana anaitwa majina mabaya njiani akitoka shuleni.

Mke anasema, "Baba watoto, tuuze twende zetu." Mume anajibu, "Siwezi kuuza jasho la baba yangu kwa sababu ya walevi." Siku ya kwanza wanabishana. Siku ya pili mke anamwambia mume kwamba ni mwoga. Mume naye anamwambia kwamba hajawahi kuwapenda watu wa kwao. Wiki ya tatu hawasemezani, na mume ameanza kuchelewa kurudi nyumbani. Jirani anaendelea kuuza pombe yake. Hajui kwamba upande huu wa ukuta ndoa ya watu inapasuka.

Pengine wewe msomaji unawajua watu hawa. Pengine ni ninyi. Basi tukae pamoja tulitazame jambo hili kwa utulivu.

1. Kwanza, lipeni tatizo jina lake

Mume na mke wakisema "jirani ni shida", mara nyingi kila mmoja ana shida yake moyoni. Mke katika mfano wetu anamwogopea binti yake. Mume anaogopa kuitwa mtu aliyeuza urithi. Wote wawili wana haki, lakini hakuna aliyemwambia mwenzake. Wanapigania neno "kuuza", na hofu zao hazijatajwa.

Yako matatizo ya namna tatu. La kwanza ni la usumbufu: kelele, maji machafu, takataka, mpaka uliosogezwa. Hili linaweza kurekebishwa. La pili ni la hatari: vitisho, kupigwa, mtu mzima anayemwandama mtoto. Hapa msingoje. Mwondoeni mtoto kwanza, pigeni ripoti, na mambo ya kuuza yatafuata baadaye. La tatu ni lile la mioyo yetu wenyewe: wivu kwa sababu jirani amejenga ghorofa, kinyongo cha zamani, au kumchukia mtu kwa kabila lake. Hili la tatu ukiliuzia nyumba, utahama nalo. Litapakiwa kwenye mkokoteni pamoja na vyombo.

Na mkumbuke kwamba kuhama na kuuza ni mambo mawili. Familia inaweza kupangisha nyumba yake, ikaenda kukaa mahali pengine mwaka mmoja, ikapumua na kufikiri. Mtu anayeuza kwa hasira huuza kwa bei ya hasira. Wahenga walisema hasira hasara, na katika biashara ya nyumba hasara hiyo huhesabika kwa shilingi.

2. Visima vya Isaka

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kuna habari ya mtu aliyekuwa na majirani wagumu. Isaka alikaa kati ya Wafilisti huko Gerari, na Mungu akambariki. Majirani wakamwonea wivu. Visima vilivyochimbwa wakati wa baba yake Abrahamu walivijaza udongo. Tazama: hata Isaka alikuwa na jasho la baba yake la kulinda. Naye alilithamini. Alivifukua visima vile na kuviita kwa majina yaleyale aliyoyatumia baba yake.

Lakini watumishi wake walipochimba kisima kipya, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yao. Isaka akakiita Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa pia. Akakiita Sitna, yaani uadui. Akaenda mbele akachimba cha tatu, na hicho hakuna aliyekigombania. Akakiita Rehobothi, kwa sababu Mungu alikuwa amewapa nafasi.

Msomaji usiniambie, "Isaka alihama, basi na sisi tuhame." Isaka alikaa katika hema na mali yake ilikuwa na miguu. Wewe una ploti, shule ya watoto na wateja wanaokujua. Hilo silo funzo. Funzo ni kwamba Isaka alijaribu zaidi ya mara moja kabla ya kwenda mbali. Aliyapa magomvi majina yake bila kujidanganya. Na alipoondoka hatusomi kwamba alijaza mchanga katika visima alivyoviacha. Urithi wake haukuwa shimo lile moja. Ulikuwa kazi ya kuchimba aliyojifunza nyumbani, na Mungu wa baba yake aliyekwenda pamoja naye.

Mume unayesema huwezi kuuza jasho la baba, fikiri juu ya hilo. Baba yako alinunua ploti ili watoto wake wawe na mahali pa kulala salama. Ikiwa mjukuu wake halali salama hapo, nani anayemheshimu mzee zaidi: yule anayeshikilia udongo, au yule anayeshikilia nia yake? Na mke unayetaka kuondoka kesho, fikiri nawe: mume anayelilia ploti ya baba yake hakukatai wewe. Analia kilio cha mtoto aliyefiwa. Mpe nafasi ya kulia.

3. Je, mmekwenda kwa jirani?

Watu wengi hufikiria kuuza kabla hawajaongea na jirani hata mara moja kwa upole. Wamepiga kelele juu ya ukuta, wamemsema kisimani na sokoni, lakini hawajaenda kwake. Bwana wetu alitufundisha utaratibu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: kwanza nenda kwa ndugu yako peke yenu, akikataa, chukua mtu mmoja au wawili, akikataa tena, jambo lifike kwa jumuiya.

Nendeni wawili, mume na mke, mchana, yeye akiwa hajanywa nanyi mkiwa mmekula. Msiende na orodha ya makosa ya miaka mitano. Chagueni jambo moja, kwa mfano muziki baada ya saa nne za usiku. Kisha mwulizeni: "Na sisi tumekukosea wapi?" Mtashangaa. Huenda naye ana kisa chake: maji yenu ya kufulia, mbwa wenu, neno ulilosema kwenye matanga ya mama yake. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana.

Akikataa, waombeni wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo wawasaidie, au kama yeye si mwenzetu katika imani, mtafuteni mtu anayemheshimu, awe imamu, mchungaji au mzee wa kijiji. Wako pia wazee wa Nyumba Kumi, mpango ulioanzishwa mwaka 2013, na chifu. Kwa kelele za kupita kiasi, Kenya ina kanuni tangu mwaka 2009, na malalamiko hupokelewa na NEMA. Kutumia sheria kwa haki si kumchukia jirani. Katiba ya 2010 yenyewe, katika kifungu cha 159, inataka upatanisho na usuluhishi vitiliwe nguvu.

Marehemu Papa Fransisko alipotutembelea Novemba 2015 alifika Kangemi, jirani kabisa na Kawangware. Aliongea waziwazi juu ya kukosekana kwa vyoo na mitaro, na pia alisifu hekima ya mitaa yetu, ambako watu hushikana mikono. Basi kabla ya kumhesabu jirani kuwa adui, tuulize: je, mtaro unaotugombanisha ulikosekana kwa ubaya wake, au kwa sababu hakuna aliyetujengea? Mara nyingine majirani wawili wanaogombania maji machafu wangeweza kuchanga pesa za saruji wakamaliza jambo hilo Jumamosi moja.

4. Mkiamua kuuza, amueni wawili

Baada ya hayo yote, huenda jibu likawa kuuza. Si dhambi. Abrahamu na Loti waliachana ili wachungaji wao waache kugombana, na Abrahamu akamwachia kijana achague kwanza. Lakini uamuzi uwe wa watu wawili.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, mali ya ndoa isiuzwe, isitolewe zawadi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Na mume au mke hawezi kutolewa katika nyumba ya familia wakati ndoa ipo, ila kwa amri ya mahakama. Sisi Wakristo tusingoje sheria itulazimishe. Mlikuwa mwili mmoja altareni. Mkono mmoja utawezaje kutia sahihi bila mkono wa pili kujua? Mume anayeuza kwa siri na kumwambia mke siku ya kufunga mizigo ameuza zaidi ya nyumba. Mke anayemchosha mume kwa kununa hadi atie sahihi, naye amepata sahihi bila ridhaa.

Kama ploti ni ya marehemu, hakikisheni kwanza kwamba mirathi imemalizwa mahakamani. Huwezi kuuza kilicho bado katika jina la baba yako, na ndugu zako wana neno pia. Wengi wamemkimbia jirani mmoja wakajipatia vita na ukoo mzima. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

5. Msipatane katika uongo

Sasa nafika mahali pagumu. Mnunuzi amekuja mchana, siku ya Jumanne. Jirani amefunga pombe yake, mtaa umetulia, mtaro umekauka kwa sababu ni kiangazi. Anauliza, "Majirani wa hapa wako vipi?" Utajibu nini?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, wamo mume na mke waliouza mali. Anania na Safira walipatana vizuri sana. Walikubaliana juu ya kuuza, juu ya bei, na juu ya uongo watakaousema kuhusu ile bei. Petro aliwauliza kila mmoja peke yake, na wote wawili wakaanguka. Tunazoea kuhubiri kwamba umoja ndio siri ya ndoa. Habari hii inatuonya kwamba umoja peke yake hautoshi. Safira alipewa nafasi ya kusema kweli, na kweli yake ingekuwa tendo la upendo wa mwisho kwa mumewe. Badala yake akarudia maneno waliyopatana. Mke mwema au mume mwema mara nyingine ni yule anayesema, "Hapana mpenzi, hili hatutasema."

Amri ya Nane haina likizo siku ya kuuza nyumba. Si lazima umwage matusi yote juu ya jirani. Huko nako ni kumchafulia jina. Lakini kelele za usiku, kesi ya mpaka, mafuriko ya mtaro, mambo ambayo wewe mwenyewe ungetaka kuambiwa, yaseme. Mwambie, "Njoo tena Jumamosi saa nne za usiku usikilize mwenyewe." Mnunuzi mwingine ataondoka. Mwingine atapunguza bei. Mwingine hana mtoto mdogo wala halali mapema, naye atachukua. Mkipata pungufu, mtakuwa mmelipia usingizi wa dhamiri zenu. Kama mmelazimika kuhama kwa sababu ya shida ile, mtawezaje kumfungia mtu mwingine ndani yake, na watoto wake, kisha mje kumshukuru Mungu kwa Misa ya nyumba mpya?

Uongo mwingine ni wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi. Mnunuzi wa mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, na tangu Januari 2023 kodi ya faida anayoipata muuzaji ni asilimia 15, ingawa kuna misamaha. Ulizeni wakili mapema. Anania alificha sehemu ya bei. Tusimwige kwa kalamu.

6. Mnauza nini hasa?

Kibera si Kawangware. Kawangware ploti nyingi ni za watu binafsi na zina hati. Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili na kushuhudiwa, na mnunuzi ana haki ya kuchunguza rekodi katika ofisi ya ardhi. Abrahamu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha langoni pa mji, mbele ya watu. Yeremia alilipa shekeli 17, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaitia muhuri na kuihifadhi katika chungu. Watu wa Mungu hawaoni aibu kuandikiana.

Kibera sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Wanubi, ambao wameishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipewa mwaka 2017 hati ya jamii ya ekari 288. Kwa wengi wengine, anayesema "nauza nyumba" huko Laini Saba au Gatwekera anauza kuta za udongo, mabati na wapangaji waliomo. Udongo wa chini si wake. Barua ya mbele ya wazee haigeuki kuwa hati ya ardhi. Mwambie mnunuzi hivyo kwa lugha anayoielewa. Julai 2018 maelfu ya watu wa Kibera walibomolewa nyumba ili barabara ipite. Kama ukuta wako una alama nyekundu ya kubomolewa, usiifunike kwa chokaa kabla ya kumwita mnunuzi.

7. Shamba la Nabothi

Neno moja kwa wanunuzi. Mwishoni mwa mwaka 2001 wenye nyumba na wapangaji walipigana Kibera kwa sababu ya kodi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wengi walifukuzwa na watu waliowajua kwa sura, na nyumba zao zikakaliwa na wengine. Mwishoni mwa Oktoba 2017 nyumba na vibanda viliteketea Kawangware, majirani wakaogopana kwa sababu ya kabila.

Nyakati kama hizo nyumba huwa rahisi. Mtu anauza kwa robo ya bei ili aondoke kabla ya usiku. Wewe unayenunua, na hasa wewe uliyekaa kimya alipotishwa, kumbuka Mfalme Ahabu. Hakumwua Nabothi kwa mkono wake. Mkewe Yezebeli alipanga yote, naye akashuka tu kulichukua shamba. Hapo pia walikuwa mume na mke waliosaidiana. Kama jirani yako anauza kwa hofu, nafasi yako kama Mkristo ni kusimama mlangoni pake, kumtunzia funguo, kumpokelea kodi hadi arudi. Ukinunua, nunua kwa bei ya siku ya amani.

8. Ageni

Isaka alipokwisha kuondoka, Abimeleki, mfalme wa Wafilisti, alimfuata hadi Beer-sheba kutaka amani. Isaka angeweza kumfukuza. Aliwafanyia karamu, wakala na kunywa, na asubuhi wakaapiana. Siku hiyohiyo watumishi wake wakaja na habari kwamba wamepata maji.

Basi kabla mkokoteni haujaondoka, pitieni kwa jirani. Lipeni deni la sukari. Ombeni msamaha kwa yenu. Kama hawezi kufungua mlango, simameni nje mmwombee. Mtakakokwenda pia kuna jirani, naye atawapokea ninyi na desturi zenu.

Na wale wa mfano wetu? Sijui watauza au watabaki. Najua kwamba usiku mmoja mume anaweza kusema, "Mama watoto, niambie unaogopa nini hasa." Naye mke akaeleza juu ya binti yao bila kumwita mume mwoga. Wakifika hapo, hata wakiwa bado katika kelele zilezile, wamepata kidogo ile nafasi ya Rehobothi.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

Leo usiku, watoto wakilala, ulizaneni polepole:

1. Jambo gani hasa la jirani linaniumiza, na nimewahi kumwambia mwenzangu?
2. Je, tumewahi kwenda kwa jirani wote wawili, kwa amani?
3. Kama tungehama kesho, ni ugomvi gani wetu wenyewe ungehama nasi?
4. Mnunuzi akituuliza, ni ukweli gani tungetamani kuuficha?

Kisha shikaneni mikono, msali Baba Yetu pamoja. Mkifika kwenye maneno ya kusamehe, mtajeni jirani kwa jina lake.